Bao la Baba Yangu na Jioni za Nyumbani Mwetu

(Yafuatayo ni maandishi ya hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana mjini Tanga.)





Nimeombwa niseme machache juu ya michezo na maburudisho katika nyumba zetu. Nilipopokea mwaliko huu nilikaa na kuanza kuandika hotuba ya maonyo, nikiwaonya vijana juu ya simu zao, mipira yao na filamu zao. Nilipofika ukurasa wa pili nikatambua kwamba nilikuwa naandika hotuba ileile niliyomsomea marehemu baba yangu mwaka 1988, na hotuba ile ni miongoni mwa mambo ninayoyajutia sana maishani mwangu. Basi nikazichana karatasi zile. Leo sitasema juu ya watoto wa watu wengine. Nitasema juu ya nyumba yangu mwenyewe, na mwenye kupata faida ndani yake, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu.

Baraza ya fundi cherehani

Nilizaliwa hapa Tanga, katika mitaa ya Ngamiani, mwaka 1964. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu, sare za shule na kila kilicholetwa na majirani, kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu iliyokaa barazani penye mwanga. Alianza kazi baada ya sala ya Alfajiri, na macho yake yaliinama juu ya sindano mpaka Alasiri. Akisha kusali Alasiri aliifunika cherehani kwa kitambaa, akaingia ndani, na akatoka amebeba bao.

Vijana wengine waliopo hapa pengine hawajapata kuligusa bao, hivyo naomba wazee waniwie radhi nikilieleza. Bao letu la Kiswahili ni ubao wenye mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake. Kete ni 64, na aghalabu ni mbegu za komwe, zile za rangi ya kijivu zinazotoka katika miiba ya mkomwe huko pwani. Mchezo huanza kwa kete chache tu ubaoni. Kila mchezaji huweka sita katika shimo kubwa liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani yake. Kete 22 zinazobaki hukaa mkononi, zikaingizwa moja moja, na sehemu hiyo ya mchezo huitwa namua. Zikisha za mkononi, huja mtaji, nayo ndiyo sehemu ambayo mtu huweza kuzunguka ubao mzima kwa mkono mmoja, akila na kusambaza, na mwenziwe akitazama tu huku safu yake ya mbele ikifutika. Anayesalia bila kete katika safu ya mbele, huyo amekwisha.

Ni mchezo wa hesabu, si wa bahati. Hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote, na anayeshindwa hana wa kumlaumu ila akili yake. Pengine ndiyo maana uliwavuta watu wenye fikra. Mshairi Muyaka wa Mombasa, aliyeishi zaidi ya miaka 150 iliyopita, aliutungia shairi. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kuupenda hata alipokuwa amestaafu huko Butiama. Na mtafiti mmoja wa Uholanzi, Alex de Voogt, aliwafuata mafundi wa bao wa Unguja ili achunguze namna wanavyoweza kubeba hesabu nyingi kiasi hicho kichwani, na mwaka 1995 akautoa utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Leiden. Kumbukeni mwaka huo, kwa maana nitaurudia.

Barazani kwetu walikuja wazee watatu kila siku. Mmoja alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, wa pili alikuwa mtu wa reli, na wa tatu alikuwa muuza kahawa ambaye alilitua dele lake la shaba chini ya nguzo, akatumiminia vikombe vidogo, na ambaye sikumbuki kama alipata kumdai mtu yeyote pale barazani hata senti moja.

Baba yangu alikuwa na masharti yake. Kwanza, fedha haiwekwi. Mtu mmoja alipata kutoa shilingi na kuiweka pembeni mwa ubao, na Baba akamrudishia mkononi na kumwambia kwa upole kwamba barazani pake hapachezwi kamari. Pili, nguo iliyoahidiwa kwa siku ile ikiwa haijamalizika, bao halitoki ndani. Tatu, adhana ya Magharibi ikianza, mchezo umekwisha, hata kama mkono wa mtu uko hewani na kete zimejaa ndani yake. Sikumwona akilivunja sharti hilo hata siku moja, ingawa nilimwona mara nyingi akiliacha bao ambalo lilikuwa la kwake.

Kazi yangu mimi, nikiwa mtoto wa miaka sita au saba, ilikuwa ni kuzihesabu kete na kuzitia katika kifuko alichokishona kwa vipande vya kanzu. Lazima zifike 64. Zikipungua, tulitafuta chini ya mikeka mpaka zipatikane. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza niliyojifunza, kabla ya shule.

Nilidhani wakati ule kwamba wazee wale walikusanyika kwa ajili ya bao. Vita vya Kagera vilipotokea mwishoni mwa mwaka 1978, mtoto wa yule mpakuzi alikuwa jeshini, akapelekwa huko. Miezi yote ile redio ilitolewa nje ikawekwa karibu na ubao. Wachezaji wa bao, kama mjuavyo, ni watu wa tambo na mizaha, lakini miezi ile hakuna aliyemfanyia mzaha mzee yule. Ilipofika taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam mikono yote ilitulia, na baada ya taarifa mmoja alisema tu, "Haya, zamu yako." Kijana yule alirudi salama mwaka 1979. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, kumi na mitano, na niliona baba mtu akilia mbele ya ubao wa bao, na wenzake wakajifanya wanatazama kete.

Bidii yangu ya ujana

Mwaka 1986 nilikwenda chuoni Dar es Salaam, na mwaka 1988 nikarudi. Nilirudi na cheti, na pamoja na cheti nilirudi na bidii kubwa ya dini. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa bidii ile, wala siikani. Lakini bidii ya kijana wa miaka ishirini na minne ni kama wembe, humkata hata anayeushika. Nilikuwa nimesoma vitabu vichache juu ya thamani ya wakati, na nikaona kwamba nimejua kila kitu.

Jioni moja nikasimama barazani mbele ya wazee wale wanne, wamekaa, mimi nimesimama, nikawaambia, "Wazee wangu, ni saa ngapi za umri wenu mmezitia katika mashimo haya?" Kisha nikaendelea kwa muda mrefu. Nilitaja mauti, nilitaja hesabu ya Siku ya Mwisho, na nilitaja upuuzi. Sikutaja hata jambo moja kati ya yale niliyoyaona kwa macho yangu barazani pale tangu utoto.

Hakuna aliyenijibu. Muuza kahawa alisafisha vikombe vyake. Baba yangu alizikusanya kete yeye mwenyewe, akazitia katika kifuko bila kuzihesabu, akaingia ndani. Siku ya pili bao halikutoka. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amelipandisha darini.

Mimi niliuhesabu huo kuwa ushindi. Nilimwandikia rafiki yangu barua nikimweleza namna nilivyoweza kuondoa jambo la upuuzi katika nyumba ya wazazi wangu kwa hotuba moja tu.

Wazee wale waliendelea kuja kwa wiki chache. Lakini watu wanne waliokaa bila ya kitu katikati yao huishiwa na maneno upesi. Kwanza muuza kahawa akahamisha kituo chake. Kisha mtu wa reli akaacha. Hakukuwa na ugomvi wowote, na wakikutana msikitini walishikana mikono vizuri. Ila baraza ilikuwa imekufa. Kuanzia Alasiri hadi Magharibi baba yangu alikaa peke yake kwenye kiti cha cherehani, mikono juu ya magoti, akitazama njia.

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja aliniambia hivi, "Mwanangu, umemwondolea baba yako bao. Umempa nini mahali pake?" Nikamjibu kwamba nimemletea vitabu. Mama akasema, "Macho yake yameishia kwenye sindano, na wewe unampa herufi ndogo." Nilinyamaza, lakini moyoni nilijiambia kwamba mama haelewi.

Na mwaka 1995, wakati yule mtafiti wa Uholanzi anaandika kitabu kizima kwa kustaajabia akili za wazee wa bao wa Unguja, bao la baba yangu lilikuwa na mwaka wa saba darini, likiliwa na vumbi, nami sikuwa nimestaajabia chochote.

Televisheni ikaingia mlangoni

Ndugu zanguni, sasa sikilizeni namna mtu anavyoweza kumhukumu mwenzake na kujisamehe mwenyewe.

Tanzania Bara, televisheni ilianza mwaka 1994. Mimi nilinunua ya kwangu mwaka 2002, kwa nia njema kabisa. Nilisema ni kwa ajili ya taarifa ya habari na vipindi vya elimu. Baada ya taarifa ya habari ukaja mpira. Baada ya mpira wa kwetu ikaja ligi ya Uingereza, Jumamosi na Jumapili, kisha katikati ya wiki. Nikajua majina ya wachezaji ambao hawatajua kamwe kwamba mimi nilizaliwa, na nikajua nani ameumia goti na nani atauzwa. Wakati huohuo mwanangu, aliyezaliwa mwaka 1993, alikuwa anavuka kutoka shule ya msingi hadi sekondari, na kama mtu angeniuliza jina la rafiki yake mkubwa nisingelijua.

Mimi sikuona kwamba huo ni upuuzi. Sikujiuliza ni saa ngapi za umri wangu nimezitia katika kile kioo. Nilisema nimechoka na kazi, na mtu aliyechoka anastahili kupumzika. Ni kweli. Lakini fundi cherehani aliyeinama tangu Alfajiri naye alikuwa amechoka, na udhuru huo sikumpa.

Mama alipofariki nilimchukua Baba akae kwangu. Tulimpa chumba kizuri na mke wangu alimtunza kama baba yake mzazi. Jioni alikaa nasi sebuleni, akitazama kule tunakotazama. Alikuwa haoni vizuri, na Kiingereza cha watangazaji hakukijua.

Usiku wa tarehe 9 Julai 2006 ulikuwa usiku wa fainali ya Kombe la Dunia kule Berlin, Italia na Ufaransa. Mchezo ulianza saa tatu usiku kwa saa zetu. Muda mfupi baada ya kuanza, Baba akaniita kwa jina langu, akasema, "Mwanangu, kuna jambo nataka kukuuliza." Nami nikamjibu bila kugeuza uso, "Baba, subiri mapumziko." Mapumziko yalipofika walikuja majirani, tukazungumza juu ya penalti. Kisha ukaja muda wa nyongeza, kisha Zidane akatolewa nje, kisha mikwaju ya penalti, na Italia ikashinda. Nilipogeuka nikakuta kiti cha Baba kitupu. Alikuwa amekwenda kulala, na sikumwona alipoondoka.

Asubuhi nikamwendea, nikampa shikamoo, nikamuuliza, "Baba, lilikuwa jambo gani jana?" Akajibu, "Limeshapita, mwanangu. Halikuwa kubwa."

Mke wangu ndiye aliyeniambia. Baba alikuwa amemweleza mchana wa siku ile. Alitaka kuniomba ruhusa. Mjukuu wake alimkuta peke yake na kumuuliza alipokuwa kijana alikuwa akicheza mchezo gani, naye alitamani kumtuma mtu aende nyumba ya zamani akaliteremshe bao ili amfundishe. Lakini aliona hawezi kulileta katika nyumba yangu bila ya idhini yangu, kwa sababu alikumbuka nilivyosema.

Mzee wa zaidi ya miaka sabini alikuwa anatafuta nafasi ya kumwomba mwanawe ruhusa ya kucheza na mjukuu wake. Alikuwa ameyabeba maneno yangu kwa miaka kumi na minane, na alipopata ujasiri wa kuyagusa, nilimwambia asubiri mapumziko ya mpira.

Kete hamsini na moja

Siku ileile nilikwenda nyumba ya zamani, nikapanda darini kwa mikono yangu. Bao lilikuwa zima, ila mchwa walikuwa wameonja ukingo mmoja. Kifuko kilikuwa kimetobolewa na panya. Nikakaa palepale sakafuni nikahesabu kama nilivyohesabu utotoni, na nikapata kete 51. Mwanangu alikwenda pwani pamoja na rafiki yake, wakarudi na mikwaruzo ya miiba mikononi na komwe kumi na tatu mfukoni. Zikawa 64.

Nilipoliweka bao mbele ya Baba nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, naye hakuyangoja. Alipitisha vidole juu ya mashimo, akafika palipoliwa na mchwa, akasema, "Hapa patahitaji msasa." Kisha akamwita mjukuu wake akae.

Kwa miaka miwili na miezi mitano iliyofuata, kila siku baada ya Alasiri, babu na mjukuu walicheza barazani kwangu. Macho ya Baba yalikuwa hafifu, lakini vidole vyake vilizijua kete. Masharti yalikuwa yaleyale matatu, ila la cherehani sasa liligeuzwa likawa kazi za shule. Nami nikaanza kukaa karibu yao, kwanza kwa haya, kisha kwa kupenda.

Hapo ndipo nilipomjua baba yangu. Mtu anayetazamana na mwanawe uso kwa uso hushindwa kusema mambo mengi. Lakini macho yakiwa kwenye ubao, ulimi hufunguka. Jioni moja mwanangu alimuuliza habari za wale wazee watatu, na Baba akajibu huku akisambaza kete zake kwamba mwaka 1986, nilipokuwa naondoka kwenda chuoni, yeye hakuwa na fedha. Nauli yangu, sanduku langu na shuka nilizolalia zilitoka kwa mpakuzi, mtu wa reli na muuza kahawa. Walichangishana palepale, bao likiwa katikati yao, na wakamwahidisha asiniambie ili nisione haya.

Ndugu zanguni, niliondoka Tanga kwa fedha ya baraza ile, nikasoma, kisha nikarudi na elimu yangu nikaivunja baraza ile. Niliposikia habari hizi wawili kati yao walikwisha fariki. Nilimtafuta wa tatu, yule muuza kahawa, nikamkuta mgonjwa kwa mwanawe. Nilimleta kwa teksi mara nne kucheza na Baba kabla hajafariki. Mara nne tu. Baba yangu mwenyewe alifariki Desemba 2008. Inna lillahi wa inna ilaihi raajiuun.

Kipimo ni kipi?

Huenda kijana mmoja ananiuliza moyoni, "Je, unatuambia kwamba mchezo wowote ni mwema?" La hasha. Nimewaona watu walioketi baoni tangu asubuhi, na wake zao wanahangaika kutafuta unga. Nimeona bao likichezwa kwa fedha, na nimesikia matusi juu ya kete moja. Wanazuoni wa kale walihitilafiana juu ya shatranji, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea Pwani yetu, iliwekwa katika mambo yanayochukiza wala si katika yaliyoharamishwa, maadamu hakuna kamari ndani yake na sala haipotezwi. Kwa hiyo wao walitazama masharti kwa uangalifu, ilhali mimi, mwenye cheti cha miaka miwili, sikutazama lolote. Nililaani ubao, na masharti ya baba yangu, yaliyokuwa mazuri kuliko hotuba yangu, sikuyaona.

Tena sisemi kwamba televisheni na simu ni uovu mtupu. Mwaka 2019 Taifa Stars yetu ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika kule Misri, baada ya miaka 39 tangu zile za Lagos mwaka 1980. Nilikitoa kioo barazani, majirani wakaja na mikeka, mwanangu akaja likizo, na tulifungwa mechi zote tatu. Na Wallahi, zilikuwa jioni nzuri, kwa sababu tulizungumza, tulicheka, tuliulizana habari za wagonjwa, na hakuna aliyeambiwa asubiri mapumziko.

Basi mimi nimejifunza kuupima mchezo wowote, wa zamani au wa leo, kwa maswali manne, nami nayaleta kwenu kama ukumbusho:

La kwanza: je, unasimama unapoambiwa usimame? Baba aliliacha bao mkono ukiwa hewani. Ikiwa mimi siwezi kuiweka simu chini adhana inapoita, au mtoto anaponiita, basi simu ndiyo inayonitumia mimi.

La pili: je, unakula haki ya mtu? Haki ya mwenye nguo iliyoahidiwa, haki ya mke, haki ya fedha ya nyumbani. Siku hizi kamari imeingia katika simu ikavaa nguo za mpira, na vijana wengi wanaweka fedha ya chakula juu ya matokeo ya mechi. Hiyo ndiyo shilingi ambayo Baba alimrudishia mwenyewe mkononi.

La tatu: je, unawaleta watu pamoja au unawatenga? Watu wanne wanaweza kukaa sebule moja, kila mmoja na kioo chake, na wakawa mbali kuliko walio katika miji minne.

La nne, na hili ni kwa wenye bidii kama nilivyokuwa mimi: kabla hujamwondolea mtu kitu, je, umejua kinamfanyia kazi gani, na una nini cha kumpa mahali pake? Swali hili si langu. Ni la mama yangu, na ilinichukua miaka kumi na minane kulijibu.

Wazee wangu na vijana wangu, wengi wenu mna baba au babu aliyekaa mahali fulani jioni hii, mikono juu ya magoti. Huenda mchezo wake si bao. Huenda ni redio ndogo, au shamba la mchicha, au hadithi za reli ambazo mmekwisha kuzisikia mara ishirini. Huenda ana jambo anataka kukuulizeni na anatafuta nafasi. Mkifika nyumbani leo, kaeni karibu naye kabla ya kuwasha chochote.

Mwanangu sasa anafanya kazi Dar es Salaam, naye ana mtoto wa kike wa miaka sita. Wakija sikukuu, bao hutolewa, na mchezo ukiisha yule mtoto huzihesabu kete na kuzitia katika kifuko kipya alichoshona bibi yake. Sikukuu iliyopita alinijia na kusema, "Babu, ziko sitini na tatu." Wote tukainuka kutafuta chini ya mikeka.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape afya walio hai, atujalie kuutumia wakati wetu katika yale yanayomridhisha, na atuepushe na bidii isiyo na huruma. Amin.